Uliza kwa Mjomba: Bomu lililoikosa Mwanza na ubishi wa nani alienda vitani

Mwangaluka wasomaji wangu. Sijui ni hii Siku ya Mashujaa ya 25 Julai au ni hizi video za vita za huko mbali ambazo kila mtu anazo kwenye simu, ila barua za safari hii karibu zote ni jeshi, jeshi, jeshi na ndege za mabomu. Za mapenzi na za kugombana na mwenye nyumba nimezisogeza toleo lijalo, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi ni kinyozi hapa Mabatini. Saluni kwangu kuna wazee wawili kila Jumamosi wanagombana kitu kile kile, mmoja anasema mwaka 1979 ndege ya Gaddafi ilikuja Mwanza ikalipua matanki ya mafuta moto ukawaka mpaka kesho yake, mwenzie anasema hamna ndege ya Gaddafi iliyofika huku, hizo ni stori za kutishia watoto. Juzi wamewekeana kreti la soda na refa wamenifanya mimi. Sasa refa mwenyewe nimezaliwa 1994. Nisaidie kabla viti vyangu havijavunjwa.
Kinyozi, Mabatini

JIBU: Marahaba mjomba. Hilo kreti kunywa wewe refa, maana wazee wako wote wawili wamekosa. Ndege ilikuja. Matanki haikuyapata.

Iko hivi. Mwezi Machi 1979, kwenye vita vya Kagera, jeshi letu lilikuwa limeshaingia ndani kabisa ya Uganda, pale Lukaya wameshapigana tarehe 10 na 11, Kampala inanukia. Gaddafi alikuwa upande wa Idi Amin na askari wake walikuwepo hapo Lukaya, na mwishoni mwa mwezi akampa Mwalimu Nyerere saa 24 atoe majeshi Uganda la sivyo Libya itaingia vitani moja kwa moja. Mwalimu akakataa, akawatangazia wananchi wajue kabisa kwamba ametishiwa na amekataa. Ndo ikaja hiyo ndege, Tupolev Tu-22, ndege ya mabomu iliyotengenezwa na Warusi, inakwenda kasi kuliko sauti, na ilichotumwa ni maghala ya mafuta ya hapa kwetu. Mabomu yakaangukia Saanane. Ndiyo, kisiwa kile kile unachokiona ukisimama Capri Point, wakati huo kilikuwa bustani ndogo ya wanyama tu, hifadhi ya taifa kimekuja kuwa 2013. Wakafa swala kadhaa, na mfanyakazi mmoja anatajwa kwamba aliumia kidogo. Siku chache baadae ndege zetu zikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta upande wa Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu.

Kwa nini Mwanza na sio mji mwingine? Angalia ramani utaona. Reli ya kutoka Dar inafika hapa inaishia ziwani, na ng'ambo ya ziwa ni Bukoba, kwa hiyo askari, risasi, unga, mafuta, sehemu kubwa ya mzigo wa vita ilipitia bandarini kwetu ikavushwa kwa meli. Ukiichoma Mwanza umelikata jeshi tumbo. Alafu na uwanja wa ndege za kivita uko hapo hapo Ilemela. Gaddafi hakukosea kuchagua mji, waliomkosea ni waliotumwa.

Watu wanauliza ndege ya mabilioni inakosaje mji mzima. Sasa fanya hesabu kidogo, wala haihitaji chuo. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, hiyo ni mita 250 kila sekunde. Mabomu ya zamani hayakuwa na macho, ukiliachia linaendelea kwenda mbele pamoja na ndege huku linashuka, yaani ni kama umekaa nyuma ya bodaboda inayokimbia unatupa chungwa uliingize kwenye ndoo iliyowekwa kando ya barabara. Ukichelewa kuachia sekunde nne tu umeshakosa kwa kilomita nzima. Na likiachiwa kutoka juu kilomita 9 linakaa hewani zaidi ya sekunde 40 kabla halijafika chini, upepo wa ziwa nao una mambo yake. Waingereza wenyewe, ambao walikuwa na ndege nyingi na mazoezi mengi, mwaka 1941 walifanya uchunguzi wa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zao zilizokuwa zinashambulia Ujerumani usiku, wakakuta katika zile ambazo marubani walisema wamepiga walipotumwa, moja tu kati ya tatu ilikuwa imefika ndani ya maili 5 za hapo. Maili 5 ni kilomita 8! Kwa Mwanza hiyo ni sawa na kulenga bandari ukapiga Nyegezi.

Ndo maana hii stori ya swala watu wakiisimulia wanachekaga sana, mi huwaga sicheki. Bomu lililokosa matanki lingeweza vile vile kukosa kuelekea upande mwingine, na upande mwingine wa ghuba walikuwa watu, wamelala juu ya mawe yao huko milimani kama tulivyo leo. Swala hawakuwa na vita na mtu.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Kijana wangu kamaliza form six, majina yametoka kapangiwa JKT Rwamkoma huko Mara. Nina pressure mpaka silali. Nasikia Kongo kunawaka, nasikia watoto wakifika kambini wanapelekwa moja kwa moja vitani. Mama mkwe ananicheka kwamba nalea mayai. Shemeji yangu ananiambia kuna mtu anaweza kumtafutia cheti cha hospitali asiende. Nifanyeje?
Mama Kulwa, Igoma

JIBU: Mama Kulwa pole na kukosa usingizi. Cheti cha uongo achana nacho kabisa, na huyo shemeji mwambie aache, hiyo ni kesi inakusubiri mlangoni kwa jambo la miezi mitatu.

Maana ni miezi mitatu, mafunzo ya mujibu wa sheria. Watoto wanaamshwa alfajiri, kwata, mchakamchaka, jembe, bunduki wanafundishwa namna ya kuishika, wanarudi nyumbani weusi wembamba wanakula sahani tatu. Hawapelekwi Kongo. Wanaoendaga kulinda amani kule ni wanajeshi wa JWTZ, walioajiriwa, waliofunzwa kwa kazi hiyo. Kuruta wa mujibu wa sheria hata ukimpeleka atakuwa mzigo kwa wenzie.

Na usione kama hofu yako ni ngeni. JKT ilianza 1963 kwa kujitolea, ilipokuja kufanywa lazima kwa wasomi moto uliwaka, tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu kwa sababu walikuwa wanatakiwa kutumikia miaka miwili na sehemu kubwa ya mda huo walipwe kipande tu cha mshahara, na mabango yao yalikuwa makali. Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Alafu, na hii wengi wanaisahauga, siku hiyo hiyo akatangaza kujikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20 kwa sababu vijana walimwambia wakubwa wanakula vinono. Mi naona kwenye ugomvi ule kila upande ulikuwa na hoja. Mpango ukaendelea mpaka 1994 ukasimamishwa, 2013 ukarudishwa, na ndo huu wa kijana wako.

Sasa ukiniuliza je nchi ikiwa vitani kweli wanaweza kumwita, hapo sikudanganyi. Katiba ibara ya 28 inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru na ardhi ya nchi, na ibara ya 25, ile inayokataza kazi za shuruti, inaziweka pembeni kazi za wakati wa dharura na JKT ya lazima. Lakini hiyo ni vita, sio Rwamkoma mwezi wa sita.

Kama kijana ana ugonjwa wa kweli, mpe vyeti vyake vya kweli aende navyo akavioneshe, na wenye ulemavu unaoonekana tangazo huwa linawaelekeza kambi ya Ruvu. La sivyo mnunulie raba ngumu na shuka za rangi waliyoandika kwenye tangazo, Mara usiku kuna baridi, ongeza na sweta.

SWALI: Mjomba mambo. Naitwa Doto nipo Nyegezi. Nataka kujiunga jeshi la anga niwe rubani. Mjomba wangu (wa damu, sio wewe) anasema hapo ndo pazuri, askari wa miguu ndo anakufa, wewe uko juu huko na AC unabonyeza kitufe unarudi kunywa chai. Baba hataki kabisa kusikia, yeye alikuwa mgambo akapelekwa vita vya Kagera na kila nikigusa hiyo habari anatoka nje. Nani yuko sahihi?
Doto, Nyegezi

JIBU: Mambo poa Doto. Baba anayetoka nje anajua kitu. Mjomba wa kitufe ndege amezionea kwenye muvi.

Nikupe namba moja tu ikae kichwani. Vita kuu ya pili, Waingereza walikuwa na kikosi chao cha ndege za mabomu, waliorukia humo walikuwa kama 125,000, na hakuna aliyelazimishwa, wote walijitolea kuruka. Waliokufa ni 55,573. Yaani katika kila watu kumi, zaidi ya wanne. Ndege moja ya Lancaster ilibeba watu saba, zamu ya kwanza ilikuwa safari 30 usiku juu ya Ujerumani, na mwenye kumaliza 30 alikuwa anaangaliwa na wenzie kama mtu aliyefufuka. Baridi ya kugandisha vidole, mizinga kutoka chini, ndege za adui kwa nyuma, na wewe umekalia mabomu na mafuta. Hamna chai hapo. Na aliyesema siwezi tena, neva zimekwisha, aliandikwa kwenye faili kwamba ni mtu asiye na moyo, akashushwa cheo mbele ya wenzie, hata kama ameshakwenda safari ishirini. Mi hiyo naionaga ndo dhambi kubwa kuliko zote kwenye habari nzima.

Na Waafrika walikuwemo. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, alikuwa navigeta, yaani yule anayeonesha njia na ramani, alitunguliwa Novemba 1943 akiwa amebakiza safari chache sana amalize zamu, akaruka na parashuti akiwa na vipande vya chuma mwilini, Wajerumani wakamkamata wakashangaa kukuta ofisa mweusi. Akakaa kambi ya mateka mpaka vita vinaisha, akaja kuwa mwanasheria mkubwa kwao. Huyo ndo mwenye bahati.

Sasa njoo kwenye hiyo Tu-22 niliyomwambia kinyozi hapo juu. Ndege nzuri kwa macho, injini mbili kubwa zimewekwa juu mkiani, ila marubani wake wenyewe walikuwa wanaiogopa na wapo Warusi waliokataa kuiendesha. Kiti cha kujirusha ikipata hitilafu kilikuwa kinakurusha kwenda CHINI. Chini, Doto! Sasa ndege inapata shida mara nyingi ikiwa inapaa au inatua, iko karibu na ardhi, kiti kinakupigiza kwenye lami. Na kutua kwake ilikuwa inakuja kwa mwendo mkali kuliko ndege nyingine nyingi. Hizo za Libya zilizobaki ziliendelea kwenda vitani Chad, Februari 1986 moja ilipiga uwanja wa ndege wa N'Djamena ikaanguka njiani ikiwa inarudi, Septemba 1987 nyingine ikatunguliwa na kombora la Wafaransa juu ya mji huo huo.

Alafu kuna hatari ambayo mjomba wako hawezi kuijua kabisa, ya kupigwa na wa kwenu. Mwanzoni mwa vita vya Kagera ndege tatu za kivita za kwetu, zilizokuwa zinarudi zake uwanjani Mwanza, zilipita juu ya askari wetu, na wale watu siku hizo walikuwa wanapigwa na ndege za Amin, waliona MiG, ndege ya kivita ambayo Amin naye alikuwa nayo, wakajua ndo hao hao, wakafyatua. Marubani wetu wakafa. Waliokuwa chini hawakuwa wajinga wala waoga, walikuwa watu waliotishika wenye mizinga na sekunde chache za kuamua, na nadhani wengine walibaki na hiyo siku mpaka uzeeni.

Nakuvunja moyo? Hapana. Kwetu hatuna hizo ndege kubwa za mabomu, tuna za kivita ndogo, za mizigo, za mafunzo na helikopta, na rubani wa jeshi kuna siku anabeba wagonjwa na waliokwama kwenye mafuriko. Kama ndo unachotaka kaza fizikia na hesabu, masikio na macho yawe mazima, ukakamavu uwepo, na ujue kwa kila rubani mmoja kuna watu wengi wa rada na mafundi chini wanaomfanya aruke, na huko nako ni jeshi la anga. Ila usiende kwa sababu ya AC. Na kabla hujachukua fomu, mzee wako mtafute jioni akiwa peke yake, usimuulize vita vilikuwaje, muulize alikuwa na nani. Wazee waliotoka Kagera wengi swali la kwanza linawafunga mdomo, la pili wanajibu.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Tuko Ukerewe, ukoo wetu una kesi ya shamba. Mwaka 1978 babu yetu na mdogo wake wote walikuwa vijana. Mdogo mtu alichukuliwa mgambo akaenda mpaka Kampala akarudi. Babu yetu hakwenda, alikuwa kuli bandarini Mwanza. Sasa kila kikao upande wa huyo babu mdogo wanasema wao ndo wana sauti kwa sababu baba yao alimwaga jasho kwa ajili ya nchi na babu yetu alijificha kwenye magunia. Juzi kijana wao kamwambia baba yangu mbele za watu "nyie ukoo wa waoga". Baba kalia. Je mtu ambaye hakwenda vitani ana haki ya kuongea?
Mjukuu, Nansio

JIBU: Marahaba mjukuu. Hiyo barua nimeirudia mara kadhaa kabla sijaandika.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka wakakalia ardhi yetu mpaka mto Kagera, wakavunja daraja la Kyaka, Amin akatangaza kwamba hiyo ardhi sasa ni yake. Mwalimu akasimama Novemba akasema yale maneno ya sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Jeshi lililokuwa na watu pungufu ya 40,000 likafumuka ndani ya miezi michache likapita 100,000, na hao wa kuongeza walitoka wapi? Polisi, magereza, JKT, na mgambo wa vijijini kama babu yako mdogo. Wengine walikimbilia wenyewe kuandikishwa, wengine waliitwa jina mbele ya kijiji na hakuna aliyewauliza kama wana nia. Nani alichukuliwa na nani aliachwa mara nyingi ilikuwa ni suala la ulikuwa wapi wiki ile na kazi gani mkononi.

Na babu yako kazi iliyokuwa mkononi ni bandari. Basi soma tena nilichomjibu kinyozi. Hayo magunia wanayosema alijificha nyuma yake yalikuwa ni unga wa askari na risasi zao, wakiwemo wa huyo huyo mdogo wake. Gaddafi alipotuma ndege hakuituma kwenye handaki alilokuwa amelala mgambo, aliituma kwenye maghala ya mji ambao babu yako alikuwa anapakia mizigo. Bomu lile kama lingefika lilikotumwa, leo aliyelala makaburi ya mashujaa Kaboya na aliyerudi na nishani wangekuwa na mwenzao wa tatu ambaye hajavaa kombati hata siku moja. Mpigie simu huyo kijana msomee hapo.

Namba zenyewe zinasema. Wanajeshi wetu waliokufa vita vile wanatajwa kuwa 373, na kati yao waliokufa kwenye mapigano yenyewe 96 tu, wengine ni ajali na mambo mengine ya safari ya vita. Raia wa Kagera waliouawa wakati Amin amekalia ardhi wanatajwa kufika kama 1,500. Wakulima wa migomba, wafugaji, kina mama. Hakuna aliyewaita kwenye gwaride. Sasa hao nao ni ukoo wa waoga?

Sisemi aliyekwenda na aliyebaki ni sawa sawa. Babu yenu mdogo alitembea kwa miguu kutoka Kyaka mpaka Kampala na mzigo mgongoni, mvua ya masika yote ni yake, aliona wenzie wakianguka, anastahili heshima na anastahili kupewa kiti cha mbele kwenye kikao. Hilo msilikatae hata mkiwa na hasira. Ninachokataa ni kiti chake kurithiwa na mtoto aliyezaliwa vita vimeisha, alafu akakitumia kupimia mipaka ya shamba.

Na kuna hili la aliyekataa vita kwa makusudi, maana najua mtaniandikia. Muhammad Ali alikataa kwenda Vietnam 1967, wakamnyang'anya ubingwa na leseni miaka yake mizuri ya ngumi, mahakama ya juu ya Marekani ikaja kumsafisha 1971. Mwoga? Mtu aliyesimama mbele ya Foreman Kinshasa? (Huyo huyo Ali 1980 Rais Carter wa Marekani akamtuma Afrika kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow, akafika Dar es Salaam, Mwalimu hata kumuona akakataa. Kukataa kwataka moyo pande zote.) Na Uingereza wakati ule wa vita kuu ya pili watu kama 60,000 walijiandikisha kwamba dhamiri yao haiwaruhusu kuua. Wengine waliwaita majina kama hayo hayo ya ukoo wenu. Mamia kati yao wakajitolea kazi ya kutegua mabomu ambayo ndege za Ujerumani zilidondosha yakagoma kulipuka, unashuka kwenye shimo na bisibisi hujui kama utatoka. Aliyekataa kubeba bunduki anashuka shimoni na aliyebeba bunduki anasimama mbali. Ukimaliza kupanga hapo nani mwoga nani shujaa nitumie majibu.

Kuhusu shamba lenyewe, mjukuu, hilo halina uhusiano na Kampala. Nendeni baraza la ardhi la kijiji, likishindikana la kata, mkiwa na mashahidi wa mipaka, wazee waliopanda ile mikatani na minyaa ya mpakani na karatasi zozote mlizonazo. Huko wanauliza nani kalima na nani kapewa na nani. Cheti cha mgambo hakiulizwi. Na baba mwambie Mjomba anamsalimia.

SWALI: Mjomba nina swali fupi. Mimi nanunua chuma chakavu Igogo. Kuna kijana toka upande wa Kagera kaniletea kitu kizito cha chuma, kina mabawa madogo nyuma na kutu nyingi, anasema alikikuta akilima, anataka elfu kumi. Nikikate nione ndani?
Chuma Chakavu, Igogo

JIBU: USIKIKATE. Usikigonge, usikiweke mzani, usikibebe kwenye guta kukipeleka popote, na watoto waondoe hapo sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Kitu chenye mabawa nyuma kilichokutwa shambani Kagera kinaweza kuwa kombora au bomu la mwaka 1979 ambalo halikulipuka, na kutu haikiui, mara nyingi inakifanya kiwe kibaya zaidi. Sogeza watu mbali, piga simu polisi 112 au mtume mtu kituoni, wao wataita wataalamu wa jeshi. Na huyo kijana usimfukuze, mkalishe mbali na hicho kitu asubiri polisi, kwa sababu watataka awaoneshe shamba, na kama kimepatikana kimoja hapo vinaweza kuwepo vingine na kuna watu wanalima.